Mkate wa sinia wa nyanya: maswali ninayoulizwa kila Ramadhani inapokaribia

Tangu nyanya atutoke, nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, imegeuka mahali pa kuleta malalamiko ya mkate. Binamu zangu wananipigia simu kutoka Kisauni, Malindi na Dubai wakiuliza yale yale, na jirani naye hunisimamisha njiani nikienda Marikiti. Nimechoka kusema jambo moja mara ishirini, ndiyo nikayaandika hapa. Atakayenipigia tena kuuliza habari za yai nitamwambia asome.

Ni mkate gani hasa?

Mkate wa sinia. Wengine huuita mkate wa kumimina, kwa kuwa unga wake ni majimaji, haukandwi wala hausukumwi. Wengine husema mkate wa mchele. Mchele unarowekwa, unasagwa, unatiwa tui, sukari, iliki na hamira. Ukishaumuka unamiminwa ndani ya sinia au sufuria iliyopakwa samli, ukapikwa kwa moto wa chini na wa juu. Ukiukata, ndani una matundu kama sega la nyuki, na uso wake una rangi ya kahawia iliyopigwa na moto.

Si boflo, si mofa, si mkate wa mayai. Mtu akikuletea keki ya ngano iliyotiwa nazi akakwambia ni mkate wa sinia, kula, mshukuru, usibishane naye.

Mbona mwanamume ndiye anayeandika?

Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkuna nazi. Binamu zangu wa kike walifunzwa kumimina na kupalia moto, wakaolewa, wakaenda zao. Mimi nilikaa juu ya mbuzi kila alasiri ya Ramadhani tangu nikiwa na miaka minane, kichwa chini, vidole vikichubuka, nikiona kila kitu na hakuna aliyeniuliza lolote. Nilidhani nimeona kila kitu. Kumbe kuna kimoja kilinipita, nitakieleza huko chini.

Nyanya hakuandika vipimo vyake?

Hakuandika. Ukimuuliza sukari kiasi gani, atakujibu, "Kiasi." Ukimwuliza kiasi ndiyo ngapi, atakuangalia kama uliyemkosea adabu, aseme, "Kipimo ni mato, mwanangu," yaani macho. Wazee wake yeye walikuwa na kibaba, vibaba vinne vikafanya pishi, na kila mtu sokoni alijua kibaba ni nini. Yeye alikuwa na kopo.

Hilo kopo tunalo mpaka leo. Lilikuwa la maziwa ya unga, limesuguliwa kwa jivu mpaka maandishi yote yametoka, na ubavuni lina mkunjo, kama lililoanguka likagonga ngazi. Shangazi alilichukua baada ya matanga, akaanza kupika mkate kwa kulijaza mchele hadi mdomoni: kopo moja la mchele, nusu kopo la sukari, kama alivyokuwa akimsikia mamake akisema. Mkate ukatoka mzito, mkavu, umepasuka juu kama ardhi ya kiangazi. Tukalaumu hamira, tukalaumu mchele, tukalaumu gesi.

Siku moja nikalitazama kwenye mwanga wa dirisha nikaona ndani, pale penye mkunjo, pana mstari mweupe umezunguka kopo zima. Mstari wa vumbi la mchele la miaka na miaka. Nyanya hakuwa akilijaza. Alikuwa akipima mpaka kwenye mkunjo, na kopo moja kwake lilikuwa ni hapo. Nikatia mchele hadi kwenye mstari, nikaupeleka kwa muuza viungo mwenye mizani: gramu 400, ikizidi kidogo. Hadi mdomoni ni gramu 600. Kwa hivyo shangazi alikuwa akizidisha mchele kwa nusu, na tui akilitia lile lile la siku zote.

Kama una bibi mzee bado yuko hai, usimuulize vipimo. Mpe mizani na bakuli, mwambie atie kwa mato yake, wewe usome namba.

Basi vipimo ni vipi?

Kwa sufuria ya upana wa sentimita 22 hivi: mchele gramu 400, uliorowekwa usiku kucha. Maji ya kusagia mililita 100. Tui zito mililita 250. Sukari gramu 150. Nyanya hakupenda mkate wa kuumiza meno, na mimi pia. Hamira kijiko kimoja cha chai, kisijae. Iliki punje nane, zimenywe maganda zitwangwe pamoja na chembe ya chumvi. Samli ya kupaka. Yai tutalizungumza.

Saga mchele na maji mpaka ukiufikicha kati ya vidole husikii chenga. Hapa ndipo wengi hukosea. Mashine ya kusagia ikizunguka dakika tano mfululizo inapata joto, na unga unapata joto nao. Ukiwa umeshatia hamira humo, unaweza kuipika kabla mkate haujaanza, maana ikipita nyuzi 55 hivi hamira inaanza kufa. Saga kidogo, pumzisha, saga tena, na hamira itie mwisho, unga ukiwa na joto la mkono wako. Nyanya alisaga kwa jiwe, na jiwe halina shida hiyo. Lina shida nyingine, muulize mgongo wake.

Unga ukiwa tayari, uinue na upawa uuache udondoke. Unatakiwa kushuka kama utepe, ukae juu kidogo, kisha upotee. Ukishuka kama maji, umezidisha tui. Ukishuka kwa mabonge, ongeza tui vijiko viwili.

Mchele gani?

Mrefu, mweupe, usiotiwa mvuke kiwandani. Pishori wa Mwea unafaa na unanukia. Basmati ya kawaida nayo inafaa. Mchele ule wa rangi ya manjano uliochemshwa na maganda yake kisha ukakaushwa usiuguse, kwa sababu wanga wake ulishapikwa mara moja na hausagiki ukawa laini. Na mchele wa kunata unakupa gundi.

Mchele mpya wa mavuno hunywa maji kidogo kuliko wa zamani. Ukiwa umenunua mpya, punguza maji ya kusagia, tazama utepe.

Nazi ya kukuna, au tui la kopo linatosha?

Linatosha, lakini lisome kwanza. Matui mengi ya kopo yametiwa vitu vya kulizuia lisijitenge, na unga unakuwa mzito kabla ya wakati wake. Lipunguze kwa maji kidogo.

Ukiweza, kuna. Nazi mbili kavu kwa mkate mmoja. Mwambie muuzaji akutikisie, usikie maji yakicheza ndani. Koroma haina tui la maana, na dafu ni la kunywa ukiwa umekaa Mama Ngina Drive unatazama meli. Tui la kwanza likamue kwa maji ya uvuguvugu, machache sana. La pili weka pembeni kwa mbaazi.

Yai linatiwa au halitiwi?

Swali hili limewahi kuwanunisha ndugu wawili siku nne nzima, tena katika mwezi mtukufu. Shangazi anaapa kuwa mamake alitia ute wa yai. Shangazi mdogo anaapa hakutia hata siku moja. Wote wawili walikuwa jikoni.

Nionavyo mimi, wote wana haki. Nyanya alifuga kuku watatu uani. Kuku wakitaga, ute ulipigwa ukaingia kwenye unga kabla tu ya kumimina, na kiini akapewa mtoto mwenye kikohozi. Wasipotaga, mkate ulipikwa vivyo hivyo. Shangazi alikuwa binti mkubwa wa enzi za kuku. Shangazi mdogo alikua wakati kuku wameshachinjwa.

Ute una kazi yake. Mchele hauna gluteni, ule utando unaovutika wa ngano, kwa hivyo viputo vya hewa vinashikiliwa na uzito wa unga peke yake. Ute unaviongezea ukuta. Ukiwa unaanza, utie. Ukishazoea, jaribu bila.

Nimefuata kila kitu. Mkate mzuri, lakini ladha si ile. Kwa nini?

Hapa ndipo nilipokaa kwa miaka mitatu.

Mkate wangu ulikuwa umeumuka, una matundu, una rangi. Wageni walisifu. Lakini wa nyanya ulikuwa na kitu cha nyuma, uchachu mdogo unaokuja baada ya utamu, ukikaa kwenye pembe za ulimi kabla hujanywa chai. Nikatafuta kiungo kilichofichwa. Nilijaribu ndimu. Nilijaribu maziwa lala. Nilimsikia mtu akisema wazee wa zamani walitia tembo la mnazi badala ya hamira, nikafikiri mpaka nikajionea haya: nyanya yangu, ambaye hata harufu ya tembo ilimfanya avuke njia? Nikaacha.

Kisha mdogo wake akaja kutoka Lamu kutuzuru. Tunamwita nyanya mdogo ingawa ana miaka themanini na ushei. Nikampelekea kipande na kahawa. Akatafuna polepole, akatazama mkate, akatazama mimi.

"Mzuri," akasema. "Umepika leo tu?"

Ndiyo, nikamwambia, leo.

"Na jana?"

Jana sikupika.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani mwaliosha bakuli?"

Nikacheka, nikidhani ananitania juu ya usafi. Hakuwa akitania. Nyanya alikuwa na bakuli moja la udongo la kuumulia, na katika mwezi wa Ramadhani, alipokuwa akipika kila siku, hakuliosha. Akishamimina alibakisha upawa mmoja wa unga chini, akafunika kwa leso mbichi, kesho yake akamimina unga mpya juu ya ule wa jana. Siku ya kwanza ya mwezi mkate ulikuwa kama wangu. Kufikia kumi la kati ndipo ulipokuwa ule tunaoukumbuka sisi. Bakuli lilioshwa usiku wa kuamkia Idi.

Nami miaka yote ile nilikuwa palepale, juu ya mbuzi, nikimtazama akilifunika lile bakuli. Nilidhani ni uvivu.

Kitaalamu halina maajabu. Hamira ya pakiti ni aina moja ya chachu, iliyofugwa kwa kazi moja, kutoa hewa kwa haraka. Unga uliolala una wadudu wengine wasioonekana, wale wale wanaochachua maziwa na uji, nao hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo uchachu niliokuwa nikiutafuta kwa ndimu. Wanahitaji muda, na unga wa saa moja hauwapi.

Nitaanzaje chachu yangu?

Ukishasaga mchele na maji, kabla hujatia tui wala sukari, toa upawa mmoja uweke kando kwenye bakuli safi. Utie hamira kwa ncha ya kijiko, ufunike, uuache usiku mmoja. Asubuhi utaukuta una povu na unanuka kama uji uliochacha. Siku hiyo tia upawa huo kwenye unga mpya, punguza hamira iwe nusu kijiko, na kabla ya tui toa upawa mwingine wa kesho. Baada ya siku nne au tano utaanza kuonja tofauti.

Ninatoa kabla ya tui kwa sababu. Nyanya alibakisha tui na yote, lakini yeye alipika kila siku bila kukosa, na unga ule haukupata kulala zaidi ya siku. Unga wenye nazi ukiachwa kwenye joto letu siku mbili tatu si wa kuchezea; nazi iliyochachushwa vibaya imewahi kuua watu katika nchi nyingine. Chachu ya mchele na maji tu, ikae kwenye friji siku usizopika, ilishwe kijiko cha mchele uliosagwa kila wiki. Ukiona rangi ya waridi au ya machungwa, au harufu ya kuoza, mwaga. Usiikwangue juu ukadhani umeiokoa.

Nitajuaje umeumuka vya kutosha?

Usitazame saa. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, jikoni kwangu unga wa hamira peke yake unakuwa tayari kwa dakika 40. Wakati wa kusi, Julai kukiwa na mvua na upepo, unaweza kuhitaji saa moja na nusu. Wa chachu na nusu ya hamira huchukua saa tatu hivi, ndiyo maana nyanya alisaga akishaswali adhuhuri, na akamimina akishaswali alasiri.

Alikuwa akiinama akaweka sikio karibu na bakuli. Sisi watoto tuliona kichekesho. Fanya hivyo. Unga ulio tayari una sauti, mchakacho mdogo mdogo kama mvua nyembamba juu ya makuti, ni viputo vinavyopasuka. Sauti ikiwa nyingi, mimina. Ikishaanza kupungua na uso umezama katikati, umechelewa, usiupike sinia. Utie kwenye kikaango, ufanye vibibi. Unga ni ule ule, chombo ndicho kinachougeuza jina, na hakuna mgeni aliyewahi kukataa kibibi.

Moto je? Sina jiko la makaa.

Nyanya alitumia seredani. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, na kifuniko kilikuwa sinia la zamani lililopinda ili makaa yasianguke. Kwanza sufuria yenye samli inapata moto yenyewe, ndipo unga unamiminwa, usikie *shhh*. Moto wa chini unatoboa matundu: unaona uso unaanza kupata vitundu, kimoja, kumi, mia. Vikishaenea na uso umepoteza ubichi, ndipo unapalia makaa juu. Ukipalia mapema unafunga mlango, hewa haina pa kutokea, mkate unabonyea.

Mwenye gesi: moto mdogo kabisa chini, sufuria nzito, bila kifuniko kwa dakika kumi hivi, kisha sufuria iingie ndani ya ovini chini ya moto wa juu mpaka ibadilike rangi. Hakikisha mpini wa sufuria si wa plastiki. Niliyejifunza hilo ni mimi, na harufu ilikaa wiki.

Mwenye ovini tu: nyuzi 180, sufuria ipashwe moto humo kwanza, halafu unga, kama dakika 35. Utaiva. Matundu yatakuwa machache.

Umezama katikati baada ya kutoka.

Ulichelewa kumimina, au uliutoa mbichi. Choma kijiti katikati.

Chini umeungua, juu mbichi.

Makaa ya chini ni mengi. Robo chini, robo tatu juu.

Ndani umeshikamana kama gundi.

Umeukata ukiwa wa moto. Najua adhana imelia na watu wana njaa, lakini wanga wa mchele unahitaji kupoa ndipo ushikane vizuri. Pika mapema. Au ule tende kwanza.

Niko Toronto, ni baridi, unga hauumuki.

Binamu yangu wa huko huuweka ndani ya ovini iliyozimwa, taa yake ikiwashwa, na kikombe cha maji ya moto kando. Unamuumukia kama uko Majengo. Nazi anatumia ile iliyokunwa ikagandishwa, anaikamua kwa maji ya uvuguvugu. Makaa hana, na jirani zake wangeita zimamoto.

Kwa hivyo umeupata? Ndio ule wa nyanya?

Mwaka huu nilianza chachu siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Bakuli la udongo lilishavunjika zamani, natumia la kauri. Siku ya kumi na nne nilimpelekea shangazi nusu ya mkate, umefunikwa kwa kitambaa, sikumwambia lolote kuhusu bakuli. Akala kipande kimoja amesimama. Akakaa, akala cha pili. Kisha akaniambia sukari imepungua, na yai sikutia, anajua.

Asubuhi yake mapema alimtuma mtoto na kopo. Ndani aliweka mchele, hadi kwenye mkunjo.